Mashine, Tambara na Vumbi la Siongiroi: Kinachokwaruza Rangi ya Gari

Kila Desemba ikikaribia, watu wetu wa Nairobi, Nakuru na Mombasa wanapoanza kurudi nyumbani, swali moja hurudi nao. Mwenye gari jeusi linalong'aa ameonywa na jamaa yake kwamba zile mashine za kuosha magari mjini zinaharibu rangi, hivyo amelivumilia vumbi hadi afike Siongiroi, huku kwetu Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, lioshwe kwa mkono. Mwenzake ameambiwa kinyume: vijana wa kijijini na matambara yao ndio watakaomharibia gari, afadhali mashine. Wote wawili wameshika sehemu ya ukweli, na wote wawili wanaweza kuliumiza gari huku wakidhani wanalitunza.

Nitoe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kinachokwaruza rangi ni chembe ngumu inayoburutwa juu yake. Ikiburutwa na brashi ya mashine au na tambara lililo mkononi mwa mtu, alama ni ileile. Ukitaka kujua kama gari lako litaumia, anza kwa kuuliza vumbi na tope vinaondolewaje kabla ya kitu chochote kugusa rangi. Swali la nani anaosha lije baadaye.

Rangi ya gari la kisasa ni matabaka. Chini kabisa, juu ya bati, kuna tabaka la kuzuia kutu ambalo kiwanda hulipaka kwa nguvu za umeme, bodi nzima ikiwa imezamishwa ndani ya dawa. Juu yake huja praima, kisha rangi yenyewe unayoiona, iwe nyekundu, ya fedha au ya buluu, na mwisho tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Yote kwa jumla huwa na unene wa kati ya maikroni 100 na 150, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Klia peke yake huwa maikroni 35 hadi 50 hivi, ilhali unywele wa kichwani huwa kama maikroni 70. Mng'ao wote uliokufanya ulipende gari hilo kule yadi, pamoja na kinga ya rangi dhidi ya jua, umebebwa na ngozi nyembamba kuliko unywele.

Mikwaruzo mingi ya kuosha haifiki kwenye rangi. Huishia ndani ya klia, kina cha maikroni chache tu, lakini jicho huiona kwa sababu kila mfereji mdogo hutawanya mwanga. Simamisha gari juani, au usiku chukua tochi ya simu ulimulike boneti. Mistari myembamba itaonekana imeuzunguka mwanga pande zote. Haikuchorwa kwa mviringo, imeenda kila upande, ila ile inayokatiza mwanga ndiyo inayojionyesha. Kwenye gari jeusi au la buluu iliyokolea utaiona papo hapo. Kwenye jeupe au la fedha inaweza kukaa miaka bila mwenyewe kujua, na hii ni sababu moja nzuri ya mtu anayeishi barabara za vumbi kuchagua rangi hizo.

Sasa tazama gari linavyofika kwetu. Unaweza kutoka Kericho au Bomet ukiwa juu ya lami, lakini barabara nyingi za ndani za Chepalungu ni za muramu: kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope linaloruka hadi kwenye vioo. Kule juu kwenye majani chai, Litein na Mogogosiek, udongo ni mwekundu na ukiusaga vidoleni ukiwa na maji unahisi laini. Ulaini huo unadanganya. Ndani yake mna chembe za madini ya chuma, na muramu unaomwagwa barabarani mara nyingi huwa na mchanga wa kwatzi, ambao ni mgumu kuliko kioo cha dirisha. Klia kwa upande wake ni aina ya plastiki. Ukipangusa boneti lenye vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi, kabla abiria hawajajaa kwenye Probox, unafanya kazi ileile ya kusugua sufuria kwa mchanga. Kwa maoni yangu hakuna tabia inayoharibu magari mengi zaidi katika kaunti hii kuliko hiyo ya kupangusa vumbi pakavu, na madereva wanaoifanya huwa ndio wale wanaoyajali magari yao zaidi. Kama huna maji, liache vumbi lilale pale. Vumbi lililotulia halikwaruzi.

Mashine zilipataje jina baya? Mwaka 1962 wafanyabiashara wawili wa Augsburg, Ujerumani, Gebhard Weigele na Johann Sulzberger, walipeleka ombi la hataza ya mashine ambayo brashi zake huzunguka na kulisafisha gari zenyewe. Brashi za miaka hiyo na miaka mingi iliyofuata zilikuwa za nyuzi ngumu za nailoni na plastiki, na rangi za magari ya wakati huo nyingi hazikuwa na klia. Wazee waliofanya kazi Ulaya au Marekani miaka ya 1970 wakikuambia mashine ilikwangua magari, wanasema walichokiona. Mashine nyingi za siku hizi zinatumia vitambaa au sponji laini isiyonyonya maji, na gari hunyunyiziwa maji na povu kabla halijaguswa. Hizo, zikitunzwa vizuri, huacha mikwaruzo michache sana.

Neno zito hapo ni "zikitunzwa". Brashi laini iliyobeba mchanga wa gari lililotangulia haina ulaini tena. Mashine nyingi pia huyatumia maji yaleyale mara nyingi, yakichujwa kila mara, na kichujio kikichoka mchanga hurudi kwenye gari la mteja anayefuata. Kwa hiyo ukiwa Nairobi na unataka kutumia mashine, usiingie moja kwa moja. Simama kando utazame magari mawili matatu yakioshwa. Angalia kama mfanyakazi anamwagilia gari kwa presha kabla halijaingia, hasa chini ya milango na kuzunguka magurudumu ambako tope hujificha. Angalia brashi zikiwa zimesimama: zikiwa na rangi ya udongo, geuza gari. Gari lililotoka Siongiroi siku ya mvua lisiingie kwenye brashi za mtu yeyote kabla ya kusuuzwa tope lote, na hilo ni kwa heshima ya mwenye gari linalokufuata pia. Lenye keria juu, au kioo cha pembeni kilichofungwa kwa waya, lisiingie kabisa.

Ipo pia aina ya mashine isiyogusa gari. Inatumia maji ya nguvu na dawa peke yake. Kwa upande wa mikwaruzo, hiyo ndiyo salama zaidi, lakini kwa kuwa hakuna kinachosugua, dawa yake hulazimika kuwa kali, na ukali huo huondoa nta yote uliyopaka na unaweza kufifisha mapambo ya alumini. Utando mwembamba wa vumbi nao mara nyingi hubaki. Mtu akienda huko mara moja moja sioni ubaya. Akienda kila wiki, apake nta mara kwa mara.

Tugeukie mkono, maana huku kwetu ndiko magari yanakooshwa. Kijana mwenye pampu ya presha, tangi la maji, ndoo na rundo la matambara anaweza kukuoshea gari vizuri kuliko mashine yoyote. Anaweza pia kukuharibia vibaya kuliko zote. Tofauti hukaa ndani ya ndoo. Kiangazi kikiwa kikali maji hununuliwa kwa mitungi, na kijana anayelipwa kidogo kwa gari moja hatamwaga ndoo nzima kila baada ya mlango mmoja. Kwa hiyo tambara lililosugua magurudumu ya pikapu ya maziwa linarudi kwenye ndoo ileile, kisha linapanda juu ya boneti lako. Simlaumu. Bei tunayomlipa ndiyo iliyompangia kazi hiyo. Ukitaka alioshe vingine, mwongezee kidogo, uje na vitambaa vyako viwili vitatu vya nyuzi laini vinavyouzwa madukani kwa bei nafuu, na umwambie kwa adabu kabla hajaanza:

"Kijana wangu, leo anza na maji matupu. Kitambaa kisiguse gari mpaka tope lote litoke."

"Sawa, mzee."

"Na vitambaa hivi ni vya juu tu. Magurudumu tumia vyako."

Sijaona kijana aliyekasirika kwa maneno hayo yakisemwa hivyo. Wengi hufurahi kuona mtu anayeijali kazi yao.

Utaratibu wenyewe ni huu. Gari lipoe kwanza, lisioshwe juani likiwa la moto, kwa sababu sabuni hukaukia juu ya rangi na kuacha madoa. Maji ya presha yaanze juu yakishuka chini, na mdomo wa pampu ukae mbali na rangi, sentimita 30 au zaidi. Vijana hupenda kuusogeza karibu ili tope ling'oke haraka, lakini mkondo mwembamba ukipiga pembeni pa sehemu iliyobanduka kidogo, au bampa lililopakwa upya gereji, unaweza kuichambua rangi vipande vipande. Tope lililoganda lisisuguliwe. Limwagiwe maji, liachwe dakika chache lilowe, limwagiwe tena. Kisha ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari. Mchanga utabaki chini ya ndoo ya pili, na ukiuona umetulia pale mwishoni utaelewa ungekuwa wapi kama kungekuwa na ndoo moja. Kitambaa kipite kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza, kuanzia paa, vioo, boneti, milango ya juu, na sehemu ya chini ya milango mwisho kabisa, kwa sababu ndiko kwenye mchanga mwingi. Kukausha ni kwa taulo laini lililowekwa na kuinuliwa au kuvutwa taratibu. Fulana kuukuu yenye mshono au kifungo ikae nyumbani.

Sabuni ya unga ya kufulia ni ya nguo. Ina ukali wa magadi unaoyeyusha mafuta, na nta iliyo juu ya klia ni mafuta. Zaidi ya hayo, punje zake zisipoyeyuka vizuri huburutwa na kitambaa kama chembe nyingine yoyote. Shampuu ya gari haipatikani kila duka Siongiroi, lakini chupa moja kutoka Bomet au Kericho hudumu miezi mingi, maana ndoo nzima huhitaji kiasi kidogo tu. Kuhusu maji, wenye matangi ya mvua wana neema ambayo mtu wa mjini hana. Maji ya paa la mabati hayana chumvi za ardhini, hivyo hayaachi yale madoa meupe ya duara yanayoachwa na maji ya visima. Ukiwa na ndoo moja tu ya maji ya mvua, iweke iwe ya kusuuzia mwisho.

Dizeli inayopulizwa chini ya gari na kwenye matairi ili ving'ae, ikatae. Inavimbisha mpira, na bushi za gari ni mpira. Vumbi la safari ya kwenda nyumbani litang'ang'ania mafuta hayo kabla hujafika.

Kuosha mtoni nako kuna watu hukuona ni bure. Nyangores unaopita Bomet mjini na mwenzake Amala ndio wanaoungana kuwa Mto Mara, unaonywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kumwaga maji Ziwa Victoria. Njiani kote watu huchota maji hayo ya kupikia. Oili, dizeli na sabuni za magari hazina haki ya kuingia humo, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Hata anayelijali gari lake peke yake ana sababu ya kukaa mbali: mto wa msimu wa mvua ni mwekundu kwa udongo, na kitambaa kilichochovywa humo kimejaa tayari kile kile tunachojaribu kukiondoa.

Naomba nisimame kidogo kwa wanaotarajia kununua. Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani, na kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinataka yasizidi umri wa miaka minane. Kule Japani mashine za kuosha zimejaa kwenye vituo vya mafuta, na gari la miaka saba limepita humo mara nyingi. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni polishi inayopakwa kabla hujaliona. Baadhi ya polishi zina mafuta na vijazio vinavyoziba mikwaruzo kwa muda, na ukiosha gari mara chache kwa sabuni kali vinatoka. Mwenye gari huona mistari ikizuka ghafla baada ya mwezi na kumshambulia kijana aliyeliosha Jumamosi. Kabla ya kulipa pesa zako, omba boneti lipanguswe kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, kisha limulike kwa tochi. Utaona rangi halisi unayonunua.

Tena, si kila kilichofifia kimeharibiwa na kuosha. Klia ya paa na boneti ikianza kubabuka na kuacha mabaka meupe, mkosaji ni jua. Tuko karibu kabisa na ikweta, na Kericho iko juu ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda, miale ya urujuanimno huwa mikali zaidi, ingawa baridi ya asubuhi inatufanya tusahau. Kivuli cha banda la mabati kwa saa za mchana kitaokoa klia kuliko shampuu ya bei ghali. Kivuli cha mti ni nusu ya faida, kwa sababu kinyesi cha ndege kina tindikali na kikikauka juani hula klia kwa muda mfupi, na utomvu hushika. Vyote viwili viloweshwe kwa kitambaa chenye maji, viachwe vilainike, kisha viinuliwe. Kucha isitumike.

Kwa mwenye pikapu ya kazi nina neno la pekee. Mbolea ya chai tuliyozoea, ile NPK 26:5:5, ni chumvi. Vumbi lake likibaki kwenye kona za nyuma ya pikapu hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kula bati pale rangi ilipochubuka. Maziwa yaliyomwagika nayo huchacha na kuwa tindikali. Baada ya kubeba vitu hivyo, suuza siku hiyohiyo kwa maji matupu hata kama gari lingine lote litabaki na tope. Kuogopa mikwaruzo kusikufanye uache uchafu wa namna hii wiki nzima. Kati ya kuoshwa kwa uzembe kidogo na kutooshwa kabisa baada ya mbolea, ningechagua kuoshwa. Kutu hula bati lenyewe, na mkwaruzo wa klia huondolewa kwa polishi.

Na polishi hiyo ina mipaka yake. Kuondoa mkwaruzo kwa mashine ya polishi ni kuishusha klia nzima mpaka ilingane na sehemu ya chini ya mkwaruzo. Kila mara fundi anapofanya hivyo, maikroni kadhaa zinaenda, na hakuna dawa ya kuzirudisha ila kupaka upya. Anayepiga polishi ya kukata kila Krismasi ili gari ling'ae sherehe ikija atafika siku moja kwenye rangi tupu. Magari mengi meupe ya kazi hayana klia kabisa. Ukiyasugua, kitambaa hutoka cheupe, na weupe huo ni rangi inayoondoka. Nta ni jambo lingine, hiyo haikati kitu, na kuipaka kila baada ya miezi mitatu hivi ni kazi ya nusu saa ambayo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Kama sehemu imepakwa rangi gereji hivi karibuni, ipe mwezi mzima kabla ya nta, na wakati huo isipite kwenye brashi za mashine.

Ukiamua kwamba gari lako linahitaji polishi ya kukata, muulize fundi kwanza kama ana kifaa cha kupima unene wa rangi. Wengi huku kwetu hawana. Basi mwombe ajaribu kwanza kwenye sehemu ndogo chini ya mlango wa nyuma, kwa dawa nyepesi kuliko zote alizo nazo, mtazame pamoja juani kabla hajagusa boneti. Akisema hana muda wa kujaribu, mshukuru, chukua ufunguo wako, utafute mwingine.